Wachora bodi, mnatuletea maikrokontrola iliyokwisha lehemiwa bila njia ya kuiprogramu. Sisi tufanyeje?

Wadau, yamenifika shingoni. Kuna kampuni moja hapa Kampala, jina naliacha, inatengeneza vidhibiti vya pampu za sola kwa wakulima wa Luweero na Nakasongola. Mchoro wanachora wenyewe, bodi zinatoka China zikiwa zimelehemiwa kila kitu, halafu zinamwagwa mezani kwangu: "Fundi, tia programu." Niitie kupitia wapi? Maikrokontrola, yaani chipu inayobeba programu ya kuendesha kifaa, ni ATmega328P. Imekaa pale, ile bapa ya miguu 32 iliyopishana milimita 0.8, na bodi nzima haina heda (safu ya pini za kuchomekea nyaya) wala pedi (kipande cha shaba tupu) ya kugusia.

Nikauliza. Nikajibiwa niing'oe chipu, niiprogramu nje, niirudishe. Aliyesema hivyo hajawahi kushika bloa ya hewa moto ya kuyeyushia lehemu! Ukiipasha moto chipu hiyo, plastiki ya soketi ya jirani inalainika, na ukiivuta kabla lehemu haijayeyuka kote, pedi inanyanyuka na njia ya shaba. Bodi mpya, haijawasha pampu hata mara moja, tayari ina kovu. Mkulima akilalamika, anayetajwa ni fundi.

Najua tabia hii inatoka wapi. Wengi walijifunzia Arduino Uno, bodi ya mazoezi yenye chipu ndefu ya miguu 28 inayochomoka kwenye soketi kwa bisibisi. Wakahamia chipu bapa, tabia ikabaki ile ile. Lakini hiyo hiyo Uno ina pini sita pembeni, safu mbili za tatu tatu, za kuingizia programu: MISO (data inayotoka kwenye chipu), MOSI (data inayoingia), SCK (mapigo ya saa), RESET (ya kuisimamisha chipu), umeme na graundi. Mnanakili mchoro wote, hizo sita mnazifuta!

Na hata nikilehemu nyaya nyembamba kwenye miguu yenyewe, bado sijapona, maana hakuna aliyefikiria kuwa chipu itaprogramiwa ikiwa ndani ya bodi. SCK wameiunganisha moja kwa moja na transista ya rilei (swichi ya umeme) ya pampu, kwa hiyo nikianza kuiingizia chipu programu rilei inagonga-gonga. MISO inashirikiwa na moduli ya redio. RESET ikishushwa, pini zote za maikrokontrola zinaachia, pamoja na ile inayoichagua redio. Pini hiyo ikielea, redio inadhani imeitwa, inajibu juu ya laini ile ile, na programa yangu, kile kifaa cha kuingizia programu, inasoma takataka. Rezista moja ya kilo-omu 10 kutoka pini hiyo kwenda kwenye umeme ingeinyamazisha. Kwa rilei, rezista ya kilo-omu moja kati ya laini na transista, upande wa mzigo na si upande wa programa. Kibaya zaidi, redio ni ya volti 3.3, na programa nyingi za bei nafuu tulizonazo hutoa volti 5. Redio ikiungua, nani analipa?

Kuna wanaosema "weka butiloda, utapakia kwa siriali." Butiloda ni programu ndogo ndani ya chipu inayopokea programu nyingine kupitia laini ya siriali, ile ya mawasiliano ya kawaida. Chipu hii ikitoka kiwandani haina butiloda ndani. Ya kwanza lazima ipite kwenye zile zile laini za RESET na SCK. Wengine wanasema kiwanda kiprogramu kabla ya kulehemu. Sawa, inawezekana. Ila toleo la kwanza likiwa na kasoro, na hapa halikosi, nani atazifuata bodi zilizokwisha fungwa visimani?

Tena chipu mpya inakimbia megahezi 1 tu, kwa sababu saa yake ya ndani ya megahezi 8 imegawanywa kwa nane. SCK lazima iwe chini ya robo ya hapo, yaani chini ya kilohezi 250. Nimeshapigiwa simu na mtu wa kampuni akisema chipu zote "zimekufa," kumbe programa yake inakwenda mbio kupita kiasi. Mtu huyo ndiye anayeidhinisha michoro!

Ninachodai ni pedi sita tupu za shaba ukingoni mwa bodi. Hata heda msinunue, nitagusa kwa pini za springi. Pedi hazina bei, ni shaba ile ile mnayoilipia.

Kuanzia mzigo ujao, kabla bodi hazijaagizwa nataka nione mchoro. Mchoro ukikosa pedi hizo, kazi siichukui. Mafundi wengine wa Kampala, Mbarara na Gulu, nanyi mmeamua vipi?