Gatsby alitafuta mali, au alimtafuta Daisy?

Msomaji wa Shangani (Mtwara):
Ndugu wanajukwaa, nimemaliza kwa mara ya pili The Great Gatsby, riwaya ya F. Scott Fitzgerald ya mwaka 1925. James Gatz, mtoto wa wakulima wasiofanikiwa wa North Dakota, anabadili jina, anachuma fedha kwa magendo wakati pombe imepigwa marufuku Marekani, kisha ananunua jumba linalotazamana, ng'ambo ya ghuba, na nyumba ya Daisy, mwanamke aliyemkosa alipokuwa fukara. Wengi husema kitabu kinalaani tamaa ya mali. Mimi nasita, kwa kuwa karamu anazoziandaa kila wiki yeye mwenyewe hazifurahii. Je, kilichomwangusha ni mali, au ni kile alichodhani mali ingemrudishia?

Mwalimu wa Lindi:
Mali kwake ilikuwa nauli tu, na mahali alipotaka kufika palikuwa pamekwisha kutoweka. Soma tena pale anapoletewa binti mdogo wa Daisy. Anamtazama kwa mshangao, na msimulizi, Nick, anahisi kwamba Gatsby hakuwahi kusadiki kweli kuwa mtoto huyo yupo. Miaka mitano amekuwa akihesabu nyumba, magari na mashati ya hariri, lakini hakuhesabu kwamba mwanamke aliyeolewa huzaa na kuendelea na maisha. Ndiyo maana anapoambiwa kuwa yaliyopita hayarudiwi, anaona ameambiwa upuuzi.

Mkulima wa Tandahimba:
Mwalimu, shikamoo. Naomba kutofautiana nawe, kwa sababu mnamzungumzia Gatsby kana kwamba alijidanganya peke yake. Tom, mume wa Daisy, aliyezaliwa ndani ya utajiri, anamshinda kwa kutaja tu fedha zake zilikotoka. Na Daisy anapomgonga mtu kwa gari na kumuua, anayelipa kwa uhai wake ni Gatsby, huku wenye mali ya urithi wakifungasha na kuondoka. Kwangu mimi hali hiyo haiko mbali na The Pearl ya John Steinbeck, ambamo Kino, mzamiaji wa lulu wa La Paz nchini Meksiko, anaamini lulu yake ni ya peso 50,000, anatajiwa 1,000 na wanunuzi wanaojifanya kushindana, kumbe wote ni wa bwana mmoja. Sisi tuliowahi kuuza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi wa bei ya chini, zikiwa bado mitini, kwa sababu mtoto yu mgonjwa na nyumbani hamna senti, hatuhitaji kufafanuliwa sura hiyo.

Mwalimu wa Lindi:
Marahaba. Kuhusu Tom nakubali. Lakini Kino alijua wanataka kumwibia, akakataa kuuza, na mwishowe aliitupa lulu baharini kwa mkono wake. Gatsby hakutupa kitu.

Msomaji wa Shangani:
Hapo ndipo ninapokwama, Mwalimu. Siku ya mwisho Gatsby anasubiri simu ya Daisy ambayo haiji, na Nick anasema kwamba huenda hata Gatsby mwenyewe hakuitarajia tena. Hayo ni makisio ya Nick, tena baada ya kuona maziko yenye waombolezaji wachache mno, naye ndiye anayeihama New York na kurudi kwao. Nimeanza kushuku kwamba aliyezinduka katika riwaya hii ni msimulizi, na kwamba tunamvika marehemu uchungu usio wake. Ndugu yangu wa Tandahimba, hiyo The Pearl unayo? Nitakuja Jumamosi kuiazima.