Mjadala: Hadithi za UKIMWI zinawakumbuka wafu au zinawahukumu?

Mdau wa Uyole, Mbeya
Maigizo mengi ya UKIMWI yana mwendo mmoja: starehe, kikohozi, kukonda, kaburi. Hayo ni maombolezo au hukumu? Na huko Marekani, ambako mashoga ndio waliotajwa kwanza mwaka 1981, hadithi ziliwatendea nini?

Mwalimu wa fasihi, Makambako
Lazima zitishe, ndugu. Njombe maambukizi kwa watu wazima yamevuka asilimia 12 katika utafiti wa taifa wa 2022/23. Tamthiliya ya "Orodha" ya Steve Reynolds inatisha, na bado inamlilia Furaha, msichana anayekufa kwa UKIMWI: barua aliyoiacha ndiyo inayowatetemesha wanaume wanaoogopa kutajwa.

Msoma riwaya, Kihesa, Iringa
Kamwene mwalimu. Kwa Furaha sina ubishi. Ugonjwa wa hadithi zetu uko kwenye kalenda. Mhusika anaambukizwa Januari, Desemba anazikwa! Bila dawa, tangu kuambukizwa hadi UKIMWI wenyewe hupita wastani wa miaka 10 hivi. Ukiigeuza miaka hiyo kuwa miezi, msomaji anamnyooshea kidole mpenzi wa mwisho, kumbe hahusiki.

Ndivyo alivyoonewa Gaëtan Dugas, shoga wa Kanada, mhudumu wa ndege, aliyefariki 1984. Watafiti walichora mahusiano ya wanaume 40 wakidhani dalili huja baada ya miezi kama 10. Yeye walimpa herufi O, yaani mtu wa nje ya California. Herufi ikasomwa sifuri, kitabu cha 1987 kikamtangaza, na mashoga wakabebeshwa simulizi kwamba mwenzao ndiye aliyewaletea kifo. Vinasaba vya virusi vilimsafisha mwaka 2016: virusi vilishafika New York mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Mashoga walipojiandikia wenyewe mambo yalikuwa mengine. Tamthiliya ya Larry Kramer ilipochezwa New York mwaka 1985, idadi ya wagonjwa iliandikwa ukutani mwa jukwaa. Ikipanda, ya zamani inakatwa mstari, mpya inaandikwa chini yake. Mtazamaji haulizi nani kaleta. Anauliza mbona hakuna anayezuia.

Mwalimu wa fasihi, Makambako
Hapo kwenye kalenda umenishinda. Basi kila onyesho litajwe mwaka wake. ARV za bure zilianza kwetu 2004. Mhusika wa leo akifa, mwandishi aseme kwa nini: alichelewa kupima, au aliacha dawa? Anayemeza kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono, na hilo jukwaani silioni. Ila hofu siifuti, ndugu yangu. Naihamishia kwenye kuacha dawa.