Wakala anatuuzia kapilari zenye tabaka la polima, halafu anatushauri tuzioshe kwa alkali kali!

Wakuu, salamu baadaye, nina hasira.

Maabara yetu inapima protini kwa elektroforesi ya kapilari, yaani kuzitenganisha kwa umeme ndani ya mrija mwembamba sana. Mliomo mnaijua kero yake: ukuta wa ndani wa silika una silanoli (vikundi vya Si-OH), na pH ikipita 3 hivi zinaanza kubeba chaji hasi. Sasa pitisha laisozaimu, protini ya ute wa yai, ambayo hata kwenye pH 9 bado ina chaji chanya. Inang'ang'ania ukutani. Kilele chake kwenye grafu kinatoka na mkia mrefu, muda wa kufika unahamahama, na sampuli nyingine haikioni kitambuzi kabisa. Ndiyo maana tukaombea bajeti kapilari zilizopakwa poliakrilamaidi, polima isiyo na chaji, kwa ndani, mbinu aliyoichapisha mtafiti Hjertén mwaka 1985. Bei siitaji, mtadhani tulinunua kiwanja.

Mwanzoni safi kabisa, vilele vyembamba vimesimama wima. Baadaye mkondo wa umeme ukaanza kuyumba, tukampigia wakala. Jibu: "Osheni na sodiamu haidroksaidi ya molari 1 kama kawaida."

Kawaida ya wapi hiyo? Hiyo ni ya kapilari tupu! Polima ile imeshikizwa kwenye silika kwa viungo vya silikoni na oksijeni, na alkali kali ndiyo inayovikata. Hata polima inayobaki, amaidi zake zinageuka kuwa asidi zenye chaji hasi, yaani unarudi kulekule ulikokimbia. Kijana wa zamu akatii, simlaumu, kaambiwa na muuzaji.

Nikapitisha asetoni, kitu kisicho na chaji, ambacho hubebwa tu pale ukuta wenye chaji unapofanya kimiminika chote kitiririke; tabaka likiwa zima, kwa volteji peke yake utakisubiri hadi uchoke. Kikafika ndani ya dakika chache! Ukuta uko uchi.

Kumrudia wakala, eti dhamana haihusu "matumizi mabaya". Mabaya aliyoyaelekeza yeye! Na karatasi ya kwenye boksi inataja urefu na kipenyo cha mikromita 50, basi. Kikomo cha pH hakuna, namna ya kuhifadhi ncha zisikauke hakuna.

Kwa sasa tunapaka Polybrene, polima yenye chaji chanya, wenyewe kwenye kapilari tupu. Ukuta unakuwa na chaji chanya, laisozaimu inasukumwa mbali. Ila inabidi kugeuza poli za umeme na kupaka upya mara kwa mara, kazi juu ya kazi.

Nani ana wakala anayeandika kikomo cha pH kwa maandishi? Amtaje hapa. Huyu wetu hela yetu haioni tena.