Msaada wa kutambua kisukuku: jino, pembe au kitu gani?

Kaa_Mwamba: Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Kuna jiwe langu la chokaa limetokeza kitu cha umbo la pembe iliyopinda, saizi ya kidole gumba, kina mikunjo kuzunguka. Mjomba kakaza ni jino la mamba. Mimi nahisi ni kiumbe wa baharini asiye na uti wa mgongo, ila sijui yupi. Usingizi sipati. Msaada tafadhali.

Lenzi_Mbovu: Picha hakuna? Haya. Angalia upande mpana. Ukiona kuta nyembamba zinaelekea katikati kama spoku za baiskeli, ni tumbawe la kundi la Rugosa. Ukiona vyumba vimepangana na mrija mmoja unavipitia, hao ni jamii ya nautilasi, ndugu wa pweza wenye kombe.

Bi_Kelele: Jino la kumnyima mtu usingizi ni lake mwenyewe. Nenda kwa daktari, mkuu.

Mwalimu_Mstaafu: Hayo matumbawe mnayachukulia poa. Mwaka 1963 mtafiti wa matumbawe John Wells alihesabu mistari ya ukuaji, mmoja kwa kila siku, kwenye matumbawe ya kipindi cha Devoni, zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita, akapata kama 400 kwa mwaka. Yaani enzi hizo Dunia ilijizungusha haraka zaidi, siku zikawa fupi na nyingi. Niliwahi kuwahesabisha wanafunzi, kila mmoja akaja na jibu lake, kipindi kikaishia kwenye ugomvi.

Kaa_Mwamba: Ahsante mwalimu, ila siku sikuuliza. Huo upande mpana umezibwa na jiwe.

Lenzi_Mbovu: Umeshalifanyia nini hilo jiwe? Tiririka.

Kaa_Mwamba: Limo kwenye siki tangu juzi. Lakini ni siki ya jikoni tu, na povu lenyewe dogo. Halafu hicho kitu ni kigumu, kinakwaruza kioo, kwa hiyo hakidhuriki. Siwezi kuishia njiani.

Bi_Kelele: Rugosa walitoweka miaka milioni 252 iliyopita. Kitu kimesubiri muda wote huo, wewe umeshindwa kusubiri majibu ya uzi!

Pinga_Kwanza: Wakuu, hii chai. Tumbawe ni kalisiti, yale madini ya chokaa, ugumu wake 3 kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, kioo kinazidi 5. Kitu cha kukwaruza kioo hakitoi povu kwenye siki. Jamaa katunga.

Lenzi_Mbovu: Taratibu. Povu ni la chokaa inayokizunguka. Kisukuku chenyewe huenda kiligeuka silika, madini kama ya mchanga mweupe, na silika inakwaruza kioo, siki haiigusi. Kule Glass Mountains, Texas, mtafiti wa visukuku Cooper aliyeyusha matani ya chokaa kwa tindikali akabaki na brakiopoda, viumbe wa baharini wenye makombe mawili, waliogeuka silika, hadi miiba yao. Ila yeye alijua anachoyeyusha. Kaa, palipobaki kalisiti patalika. Litoe sasa hivi, liloweke kwenye maji safi na uyabadilishe mara kwa mara.

Pinga_Kwanza: Na picha?

Kaa_Mwamba: Kamera imekufa. Lakini spoku nimeziona! Zinaelekea katikati kama ulivyosema. Upande wa pili ukimalizika nalitoa.

Lenzi_Mbovu: Nimesema sasa hivi.

Mwalimu_Mstaafu: Mistari umeihesabu?