Mapenzi ya binti wa Hombolo na mgeni wa sayari nyingine: tofauti za mila zitoke wapi?

Shamba_la_Zabibu:
Wakuu, naandika riwaya fupi, maneno kama 20,000. Nyemo, miaka 25, analima zabibu Hombolo. Anapendana na mgeni kutoka sayari ya TRAPPIST-1e. Shida ni kwamba mgeni anatoka kama Mzungu aliyepakwa rangi ya kijani, na mgogoro pekee ni baba mkali anayekataa posa. Nifanyeje ili tofauti zao ziwe za kweli?

Mpima_Nyota:
Sayari uliyochagua imeshakupa nusu ya riwaya. Iko umbali wa miaka 40 ya nuru hivi, na mwaka wake ni siku 6.1 za kwetu. Nyemo mwenye miaka 25 ana karibu miaka 1,500 kwa hesabu ya huko. Wazee wakimuuliza mgeni umri, jibu lake la kweli litasikika kama dharau.

Mvutano wa huko ni kama asilimia 82 ya wetu. Ndoo ya lita 20 anayobeba Nyemo kutoka bombani, mwilini mwa mgeni ni kama ya kilo 24, na mwili wake wenyewe umeongezeka uzito kwa kiasi hichohicho. Jioni awe amechoka kweli. Wengi hukosea hapa: humpa mgeni nguvu za ajabu, na mwenye nguvu zote hana sababu ya kumhitaji mtu.

Halafu saa. Inaelekea upande mmoja wa sayari hiyo hutazama nyota yake daima, kwa hiyo hakuna macheo wala machweo. Sisi tunahesabu saa kuanzia kunapokucha. Nyemo akimwambia "tuonane saa mbili asubuhi", mgeni hana asubuhi kichwani. Atachelewa miadi, na Nyemo ataona amedharauliwa. Huo ni mgogoro usiohitaji mtu mbaya.

Mwanga wa nyota yao mwingi ni infraredi, yaani mwanga ulio nje ya wekundu ambao macho yetu hayauoni, basi mwoneshe akiona joto likipanda mashavuni mwa Nyemo kabla hajasema neno.

Mkaa_na_Jiko:
Mkuu, hilo la mashavu lirekebishwe. Nyota hiyo hung'aa zaidi kwenye mawimbi ya mwanga yenye urefu wa mikromita 1 hivi (mikromita ni sehemu ya milioni ya mita). Joto la mwili wa binadamu liko karibu na mikromita 10. Jicho lililozoea la kwanza halioni la pili. Atakachoona ni kingine, na kwangu ni kizuri zaidi: majani mabichi hurudisha sana infraredi ya karibu, kwa hiyo shamba la zabibu saa sita mchana litamwakia kama bati jipya. Na mkaa ambao Nyemo anaona umezimika, yeye bado anauona unang'aa. Mpe kazi ya kumwambia "usiguse, bado".

Mpima_Nyota:
Sahihi. Futa mashavu.

Mjomba_wa_Posa:
Mwanangu, baba usimfanye mkali bure. Mpe hoja. Kwa Wagogo ng'ombe wa mahari huchangwa na ndugu wa bwana, na wakifika hugawanywa kwa ndugu wa upande wa baba na wa mama wa binti. Mahari hufunga koo mbili. Sasa mgeni wako nyuma yake kuna nani? Akituma ujumbe kwao leo, jibu linarudi baada ya miaka 80. Baba akiuliza "wazee wako wako wapi?" anauliza swali halali kabisa, na mshenga hana la kusema.

Usilitatue kwa dhahabu kutoka chomboni. Atafute jirani atakayekubali kutoa ng'ombe wa kwanza, kwa sababu anayekuchangia mahari amekubali kuwa ndugu yako. Ukitaka njia ya mkato, Sheria ya Ndoa ya 1971 haibatilishi ndoa kwa kukosa mahari. Nyemo anaweza kuijua sheria hiyo na bado akataka ng'ombe wafike. Hapo ndipo penye uzito.

Chakula pia. Amino asidi, vijenzi vya protini, huwa na maumbo mawili kama mkono na taswira yake kiooni, na uhai wa duniani hutumia za mkono wa kushoto. Kama wa kwao ni wa kulia, ugali wa uwele na mlenda vitamjaza tumbo tu, protini yake haitamjenga. Kukataa chakula cha wakwe ni tusi. Akila, anakonda mbele ya macho yao na mama mkwe anazidi kupakua.

Shamba_la_Zabibu:
Shikamoo mjomba, nimepata sura tatu hapo. Na lugha je? Nimwite nani?

Sarufi_Kwanza:
Mwite "mgeni". Neno hilo hubeba wote wawili, wa kukaribishwa na asiyejulikana. Jinsia yake unaweza kuificha hadi mwisho, maana "a-" yetu haitaji mume wala mke.

Ila dada, tumia upatanisho kwa makusudi. Mwanzoni Nyemo aseme "kile kimesimama kisimani, kinatazama". Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: siku hiyo ya tatu ampe jembe kweli, wapalilie mstari mmoja wa mizabibu, na sentensi inayofuata iwe "amechoka, mpe maji". Usieleze kuwa umebadilisha. Na kuanzia hapo "ki-" isirudi kwake, isipokuwa kinywani mwa mtu anayetaka kumuumiza.