Tupeane uzoefu: mliokwenda kuoga bahari Zanzibar, mlikuta nini?

Mama wa Himbi (Goma)
Jamaa, habari za kazi. Sisi tumezoea ziwa letu Kivu: maji hayana chumvi na hayaondoki. Mwezi wa nane tulifika Paje usiku, mimi, mume wangu na watoto wawili. Asubuhi nikawatoa mbio kwenda kuoga, bahari haipo! Mchanga mweupe, madimbwi, na povu mbali kule kwenye mwamba. Mdogo akaniuliza, "Mama, maji wameyapeleka wapi?"

Palikuwa na mama ameinama, anafunga mwani, majani ya baharini, kwenye kamba iliyotandazwa kati ya vijiti viwili. "Maji yamekupwa, mwanangu. Ngoja muda wa saa sita hivi, yatajaa." Akatufundisha kwamba mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hutoka mbali zaidi na hujaa zaidi. Katikati yake ni maji mafu. Binti yangu akajaribu kufunga. Mama akalifungua fundo lake taratibu: "Usikaze hivyo, utaukata." Tulikaa naye mpaka maji yakatufika magotini.

Sasa nataka kumpeleka mama yangu. Goti linamsumbua, hawezi kuyafuata maji mbali. Nyinyi mlifikia wapi?

Mwana wa Kadutu (Bukavu)
Yaya, mpeleke Nungwi au Kendwa, kaskazini kabisa. Kule maji hayaendi mbali, mtu anaoga karibu saa zote. Ila bei ya mtumbwi ikubaliwe kabla ya kupanda. Sisi tulidaiwa mara mbili, tena tukiwa katikati ya maji, na watoto wanalia. Iliniuma sana.

Baba Kamalondo (Lubumbashi)
Sisi tulikwenda kwa basi: Kasumbalesa, Zambia yote, Tunduma, hadi Dar es Salaam. Siku hizo mgongo ulinikomesha. Halafu boti, mwendo wa karibu saa mbili. Ilikuwa mwezi wa saba, kusi inavuma, mke wangu alitapika njia nzima. Mama mwenye umri, afadhali ndege.

Lakini chakula! Niliomba sombe, mpishi akanitazama tu. Nikamweleza: majani ya muhogo yaliyotwangwa. "Aa, kisamvu!" Akakileta kimepikwa kwa tui la nazi. Mke wangu sasa hataki kingine. Na jioni msikose Forodhani, kwenye soko la vyakula kando ya bahari mjini, mkanywe urojo, ule mchuzi mzito wa Zanzibar.

Wa Birere (Goma)
Msisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano, sisi watu wa Kongo wanatuuliza. Tangu Oktoba 2024 wageni wanalipa pia bima ya Zanzibar, dola 44. Na mgeuze saa: kule wametutangulia saa moja. Mimi niliikosa boti kwa sababu hiyo, nikabaki na mizigo bandarini.

Mama wa Himbi (Goma)
Aksanti sana, wote. Basi ni Kendwa. Ila siku moja tutashuka Paje asubuhi, maji yakiwa yamekupwa. Yule mama wa mwani nilimwahidi kitenge, na nimeshakinunua.