Mahafali, maonyesho ya sayansi, ziara, michezo na kikao cha wazazi katika wiki moja: tupangeje ili vipindi visipotee?

Mwalimu wa Chumbageni anauliza:

Ndugu walimu na wazazi, habari za kazi. Ninafundisha katika shule ya sekondari ya kutwa hapa jijini Tanga, na mwaka huu nimekabidhiwa jukumu la kuratibu wiki ya mahafali ya kidato cha nne. Mahafali yatakuwa Jumamosi, lakini shughuli nyingine nazo zimeangukia wiki hiyohiyo: maonyesho ya sayansi Jumanne, ziara ya kidato cha kwanza kwenye mapango ya Amboni Jumatano, fainali za michezo baina ya madarasa Alhamisi, na kikao cha wazazi ambacho bodi ya shule imependekeza kifanyike Ijumaa mchana. Juu ya hayo yapo mazoezi ya kwaya, kaswida, ngonjera na igizo, na kila kikundi kinaomba kifanye mazoezi asubuhi, wakati wanafunzi hawajachoka.

Sina nia ya kufuta hata moja. Wapo wanafunzi wasiofungua mdomo darasani mwaka mzima, lakini ukiwasimamisha mbele ya kifaa walichokiunda wenyewe wanaeleza mpaka unastaajabu. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba mtihani wa taifa wa kidato cha nne huanza Novemba, kidato cha pili nao wana upimaji wao wa kitaifa, na kila nikikagua daftari la vipindi linalotunzwa na kiranja wa darasa naona kwamba wiki ya mahafali ndiyo yenye nafasi nyingi zilizoachwa wazi. Naomba uzoefu wenu: tupangeje?

Mtaaluma wa Muheza:

Mwalimu, pole na majukumu, na umefanya vyema kuuliza mapema. Nimekaa katika ofisi ya taaluma kwa muda mrefu, na nionavyo mimi tukio lenyewe halili vipindi vingi. Vinaliwa na maandalizi, kwa kuwa tukio lina saa ya kuanza na saa ya kumalizika, ilhali maandalizi hayana.

Chukua mfano wa viti. Mahafali ni Jumamosi, lakini viti huanza kutolewa madarasani tangu Alhamisi, kila kimoja kikiwa na namba yake iliyoandikwa kwa rangi mgongoni, na Jumatatu utakuta kidato cha pili A wamekalia viti vya kidato cha tatu C, huku wengine wakizunguka shule nzima kutafuta vyao mpaka kengele ya mapumziko. Agiza vitolewe Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho, kila kiranja akiwa na orodha ya namba za darasa lake, na virudishwe Jumamosi hiyohiyo kabla watu hawajatawanyika, mwalimu wa zamu akisimama mlangoni na orodha mkononi. Ni jambo dogo, lakini linaokoa asubuhi nzima ya Jumatatu.

Maonyesho ya sayansi yasifanyikie maabara. Watahiniwa wanaihitaji maabara hiyo kwa mazoezi ya mtihani wa vitendo wa kemia, fizikia na biolojia, na meza zikishajaa mabango na mifano ya kufinyanga hazirudi katika hali yake siku ileile. Tumieni madarasa mawili ya kidato cha kwanza, au vivuli vya miti kama mvua za vuli hazijaanza.

Ziara ya Amboni ningeitanguliza wiki moja kabla. Mapango yale yako kilomita 8 hivi kaskazini mwa jiji, kwa hiyo safari si ndefu, lakini ndani kuna giza na njia nyembamba, na wanafunzi huingia kwa makundi wakiongozwa, kwa hiyo msitarajie kumaliza haraka. Mkiitanguliza, mtapata faida nyingine. Mwalimu wa jiografia atawaeleza palepale jinsi maji ya mvua yanavyochanganyika na hewa ya ukaa, yakawa asidi hafifu na kuyeyusha mwamba wa chokaa kwa muda mrefu sana mpaka pakawa na pango. Kisha katika maonyesho wanafunzi haohao wataweka ganda la kome la ufukweni katika bilauri ya siki, na wageni wataona mapovu yakitoka kwa sababu ganda lile nalo ni chokaa. Hapo ziara na maonyesho vimekuwa somo moja, na wala hamkumega jiwe la pangoni.

Kuhusu mazoezi ya vikundi, nakushauri uwe na msimamo: yaanze baada ya saa nane na nusu mchana, na kikundi kisichoweza kujiandaa kwa muda huo kipunguziwe nafasi katika ratiba ya sherehe.

Mzazi wa Sahare:

Assalaam aleikum, walimu wetu. Naomba niseme kwa upande wa wazazi. Kikao cha Ijumaa mchana kitakosa watu wengi, kwa kuwa sehemu kubwa ya wazazi wa mji huu wanakwenda kuswali Ijumaa, na baada ya swala mtu hurudi nyumbani kula na familia yake. Asubuhi nayo ni ngumu kwa sisi ambao riziki yetu iko soko la samaki la Deep Sea au kwenye vibanda vya Ngamiani. Kwa nini kikao kisiunganishwe na maonyesho ya Jumanne, kikaanza saa kumi alasiri? Mzazi apite kwanza kwenye meza ya mwanawe, amsikilize akieleza kazi yake, ndipo akae kuzungumza na walimu. Mara nyingi tunaitwa kusikiliza habari za michango na utoro tu, na tunaondoka bila kujua watoto wetu wanaweza nini.

La pili linaniuma zaidi. Katika shule aliyosoma binti yangu mkubwa, wasichana walitolewa darasani siku mbili kabla ya mahafali kwenda kuteka maji, kuchambua mchele wa pilau na kuosha masufuria, huku wavulana wa darasa lilelile wakiendelea na hisabati. Mwalimu, tafadhali hakikisha jambo hilo halitokei kwenu. Kamati ya wazazi ipewe kazi ya chakula yote, sisi tutapika, na kama kuna kazi za usafi zigawanywe kwa wote baada ya masomo.

Mkuu wa shule mstaafu, Pangani:

Nawasalimu wote. Waliotangulia wamesema vizuri, nami nitaongeza machache.

Mgeni rasmi apelekewe barua yenye muda wake wa kuwasili na ratiba kamili, na mshereheshaji aelewe kwamba risala ya wahitimu na taarifa ya mkuu wa shule hazirudii maneno yaleyale. Vyeti vitolewe mapema, kabla ya burudani nyingi, kwa sababu wazazi wanaotoka mbali huanza kuondoka jua likisogea, na ni huzuni kumwona mhitimu akiitwa jina lake ilhali mama yake amekwishakwenda kuwahi gari.

Lakini hatari kubwa iko Jumatatu inayofuata. Watahiniwa wengi wa shule za kutwa huyachukulia mahafali kuwa ndiyo mwisho wa shule. Wamevaa vizuri, wamepigwa picha, wamepewa zawadi, kisha wanakaa nyumbani wakisema wanajisomea, na wengine huanza kuendesha bodaboda za kaka zao. Nilipokuwa kazini tuliwapa watahiniwa jaribio Jumatatu hiyo, kipindi cha kwanza, na karatasi zilisahihishwa na kurudishwa darasani kesho yake, aliyekuwepo ndiye aliyepata maelezo ya makosa yake. Tangazo la jaribio hilo lisomwe siku ya mahafali, wazazi wakiwa wamekaa na wakisikia.

Mwalimu wa Chumbageni:

Shikamoo, Mkuu, na ninawashukuru wote. Nimezungumza na makamu mkuu wa shule leo, naye amekubali kikao cha wazazi kihamie Jumanne saa kumi, na maonyesho yafanyike katika madarasa ya kidato cha kwanza. Ziara ya Amboni itatangulia wiki moja kabla. Mwalimu wa jiografia na mwalimu wa kemia watakaa pamoja kuandaa maswali ya wanafunzi. Chakula tutakikabidhi kwa kamati ya wazazi. Fainali za michezo zitabaki Alhamisi, baada ya vipindi.

Kilichobaki ni mwalimu wa kwaya, ambaye bado anataka saa mbili asubuhi. Nitamwonyesha daftari la vipindi la mwaka jana, kisha nimwombe achague mwenyewe ni kipindi gani cha watahiniwa anachoona kinaweza kuachwa.